Mkulima na Mtaalamu kwenye Kisima Kimoja: Maji Maangavu, Je, ni Salama?

Katika vigango vingi vilivyoko kwenye miteremko ya Mlima Meru na katika tambarare zinazouzunguka, familia ya mkulima huchagua kati ya maji ya aina mbili. Kuna maji ya mfereji yanayoshuka kutoka mlimani. Hayo huja na udongo na kinyesi cha mifugo, na wakati wa kupulizia mboga huweza kuja na mabaki ya dawa kutoka shamba la jirani wa juu. Na kuna maji ya kisima kirefu, maangavu, yasiyo na harufu, ambayo mtu akiyatazama ndani ya glasi haoni sababu yoyote ya kuyashuku. Kwa miaka mingi Bwana Afya amefundisha, na kwa haki kabisa, kwamba maji ya mfereji yanaleta kuhara na homa ya matumbo. Familia zikasikia, zikahamia kisimani. Kisha akaja mtaalamu mwingine na vichupa vyake, akachota maji ya kisima, akaondoka. Na siku aliporudi, au siku tetesi ziliporudi badala yake, habari ikawa kwamba maji ya kisima yana floraidi nyingi inayoharibu meno na mifupa ya watoto.

Mkulima anauliza: basi tunywe yapi? Wataalamu wawili, wote wasomi, wote wametumwa na Serikali ileile, wamesema maneno yanayopingana, na hakuna hata mmoja aliyekaa kwenye benchi kusikiliza swali hilo mpaka mwisho. Wengi wetu tumezoea kusema kwamba mkulima haelewi sayansi. Mara nyingi zaidi tatizo liko katika namna sayansi ilivyomfikia: vipande vipande, kwa vinywa tofauti, pasipo mtu wa kuviunganisha. Tunapenda kueleza kwanza wataalamu wanasema nini, kisha mkulima anajua nini, na hatimaye namna ambavyo pande hizo mbili zimepata kuelewana mahali pengine.

Floraidi iliyomo katika maji ya Bonde la Ufa, kuanzia Ethiopia, kupitia Nakuru na Naivasha nchini Kenya, hadi Arusha, Manyara na Singida, haikutiwa na mwanadamu. Inatoka katika miamba na majivu ya volkano. Maji yanapokaa muda mrefu ardhini yakigusana na miamba hiyo, huiyeyusha floraidi taratibu. Mahali penye kalisi nyingi, kalisi huishika floraidi na kuizuia isizidi. Lakini maji ya kwetu kwa kawaida yana magadi mengi na kalisi kidogo, hivyo floraidi hubaki imeyeyuka. Ndiyo maana maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, yana floraidi ya mamia ya miligramu kwa lita, na ndiyo maana kisima kirefu, ambacho maji yake yamekaa ardhini miaka mingi, mara nyingi huwa na floraidi kuliko chemchemi iliyoko juu mlimani karibu na msitu.

Floraidi haina rangi, ladha wala harufu katika viwango hivyo. Kuchemsha maji hakuiondoi. Kwa kuwa sehemu ya maji hugeuka mvuke na floraidi hubaki sufuriani, maji yaliyochemshwa sana huishia kuwa nayo zaidi kidogo. Mtoto akinywa maji hayo katika miaka ambayo meno yake ya utu uzima yanajengeka ndani ya ufizi, yaani takribani miaka minane ya kwanza, meno hutoka na madoa meupe, kisha ya kahawia, na pengine hubanduka. Katika viwango vikubwa zaidi, na kwa miaka mingi, mifupa na viungo hukakamaa, na kuna maeneo ambako miguu ya watoto hupinda. Meno yakishaharibika hayarudi. Shirika la Afya Duniani linashauri kiwango kisizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji.

Hapa ndipo ugumu wa kwanza wa mawasiliano unapoanza. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi miligramu 4 kwa lita katika maji ya kunywa, kabla ya kushusha kiwango hicho hadi 1.5. Mkulima ambaye kisima chake kilipimwa kikaonekana kina miligramu 3 aliambiwa zamani kwamba maji yake yanafaa. Leo anaambiwa hayafai. Maji hayakubadilika, ilibadilika karatasi. Je, ni ajabu akidhani kwamba amedanganywa, ama zamani ama sasa? Ukweli ni kwamba kiwango ni uamuzi wa wanadamu wanaopima mambo mawili kwa pamoja: madhara kwa afya, na uwezo wa nchi kupata maji mengine. Zamani iliamuliwa kwamba kuwanyima watu kisima kungewarudisha kwenye madimbwi, na kwamba madimbwi yangeua watoto haraka kuliko floraidi. Uamuzi huo unaweza kuelezwa kwa Kiswahili cha kawaida katika dakika tano, na mkulima, ambaye kila msimu hupima hatari moja dhidi ya nyingine, ataufahamu mara moja. Kinachomkera ni kupewa namba pasipo sababu yake.

Ugumu wa pili ni majina. Floraidi haienei sawasawa. Visima viwili vilivyo mita mia chache kimoja kutoka kingine vinaweza kutofautiana mara kadhaa, kwa sababu kimoja kimegusa tabaka la majivu ya volkano na kingine hakikugusa. Kwa hiyo maneno kama "maji ya visima yana sumu" hayana manufaa kwa mtu yeyote. Yanachohitajika ni majibu ya kila chanzo kwa jina lake. Mtaalamu huandika kwenye kichupa alama ya herufi na tarakimu, na huchukua vipimo vya mahali kwa setilaiti. Kijiji hakivijui visima vyake kwa tarakimu. Kinavijua kama kisima cha mkuyuni, kisima cha shule, bomba la mama fulani. Taarifa inapofika ofisi ya kijiji, kama inafika, huwa ni jedwali ambalo mwenyekiti hawezi kulitafsiri hata akitaka, kwa kuwa hakuna mstari wenye jina analolijua. Kuandika jina la mahali kwa kinywa cha wenyeji kando ya tarakimu ni kazi ya sekunde chache, na kwa maoni yetu hakuna jambo dogo kuliko hilo lenye faida kubwa kama hilo.

Tugeuke sasa upande wa pili, kwa maana mazungumzo si mahubiri ya mtu mmoja. Mkulima ana elimu yake ya maji, na elimu hiyo ina vitu ambavyo maabara haina. Mtaalamu anakuja Alhamisi moja ya mwezi Julai, anachota chupa, anarudi mjini. Mkulima yuko pale siku zote. Anajua kwamba mvua ya kwanza ya masika huleta mfereji wenye povu, kwamba maji huwa mazuri juma la tatu, kwamba zamu ya usiku huwa na matope kwa sababu wa juu wanakunywesha ng'ombe jioni. Anajua ni lini wenye nyanya wanapulizia dawa na ni nani anayeosha bomba lake la kupulizia ndani ya mfereji, ingawa jina hilo hatalitaja kwa mgeni. Chupa ya Julai haiwezi kuonesha lolote kati ya hayo. Mtaalamu akiuliza kwanza, atajua siku ya kuchota. Asipouliza, atapata jibu sahihi la siku isiyo na maana.

Tena, meno yenyewe ni kumbukumbu. Mama akisema kwamba kifungua mimba wake ana meno meupe na wadogo zake watatu wana meno ya kahawia, na kwamba familia ilihamia kijijini yule wa kwanza akiwa na miaka tisa, ameeleza kwa maneno yake jambo lilelile ambalo vitabu vya tiba ya meno vinaeleza: madhara hutokea meno yanapojengeka, na aliyehamia baadaye amenusurika. Ametoa pia ushahidi wa chanzo cha maji ambacho hakijapimwa bado. Mtafiti mwenye busara huandika maneno hayo kwenye daftari lake.

Mfano wa wazi kuliko yote ni ule wa magadi. Watafiti wa afya ya meno waliofanya kazi Kaskazini mwa Tanzania walikuta watoto wenye meno yaliyoharibika katika sehemu ambazo maji yake yalikuwa na floraidi kidogo. Kama wangebaki na vichupa vyao tu, hesabu isingekubali. Jibu lilikuwa jikoni. Magadi, ambayo akina mama huyatia katika maharage na makande ili yaive upesi na kulainika, huweza kuwa na floraidi nyingi sana, kwa sababu yanatoka katika ardhi na maziwa yaleyale ya volkano. Hakuna kipimo cha maji kingeliweza kugundua hilo. Iligunduliwa kwa kuwauliza akina mama wanapika nini na kwa namna gani. Hata leo, ushauri juu ya floraidi usiotaja magadi ni ushauri nusu, na tunasikitika kwamba mabango mengi ya afya hayayataji.

Mama Kanisa naye ameshiriki katika jambo hili kwa mikono yake. Jimbo Katoliki la Nakuru, nchini Kenya, kwa njia ya mpango wake wa maji, lilijenga uwezo wa kupima floraidi na kutengeneza machujio yanayotumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa huchomwa katika tanuru kwa hewa kidogo, husagwa kuwa punje, huoshwa, kisha hupangwa ndani ya ndoo au tangi. Maji yakipita, madini ya mifupa hushika floraidi. Moto ukizidi, mkaa hupoteza nguvu yake. Ukipungua, maji hunuka na kuwa na ladha mbaya, na mama wa nyumba huyamwaga siku ya kwanza. Kwa hiyo ufundi wa tanuru ni sehemu ya mawasiliano vilevile: chujio lililotoa maji yenye harufu limekwisha kusema neno ambalo hotuba ya mtaalamu haiwezi kulifuta.

Machujio hayo yana somo jingine. Mkaa wa mifupa huchoka. Ukishajaa floraidi, maji yanaendelea kutoka maangavu na matamu kama jana, lakini hayachujwi tena. Mkulima anajua lini jembe limeisha makali na lini pampu imechoka, kwa kuwa vitu hivyo hujionesha. Chujio hili halijioneshi. Lazima mtu mwenye kipimo arudi baada ya miezi kadhaa. Mradi unaogawa machujio na kuondoka umewaacha watu mahali pabaya kuliko walipokuwa, kwa sababu sasa wana uhakika wa uongo. Na kuna swali la heshima: mifupa hii ni ya mnyama gani? Ndugu zetu Waislamu watataka kujua kwamba haimo ya nguruwe, na jirani Mhindu anaweza asikubali kabisa mifupa ya ng'ombe. Hayo si maswali ya ujinga. Anayejibiwa wazi juu ya mifupa ataamini pia anachoambiwa juu ya miligramu.

Hadi hapa tumesema juu ya madini yanayotoka ardhini, ambayo hakuna wa kulaumiwa. Mazungumzo huwa magumu zaidi mahali ambapo mkulima mwenyewe anatajwa kuwa chanzo cha uchafu, kama inavyotokea kwenye mifereji yetu kwa habari ya samadi na viuatilifu. Kwa hilo kuna mfano kutoka mbali unaofaa kusimuliwa.

Jiji la New York, nchini Marekani, hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka katika mabwawa ya milima ya Catskill na bonde la Mto Delaware, mengine yakiwa umbali wa takribani kilomita 200 kutoka jijini. Maji hayo hutiwa dawa lakini hayapitishwi katika mitambo ya kuchuja. Mwaka 1989 Serikali ya Marekani ilitoa kanuni zilizotaka maji ya namna hiyo yachujwe, isipokuwa jiji lithibitishe kwamba chanzo chake kinalindwa. Mtambo wa kuchuja ulikadiriwa kugharimu mabilioni kadhaa ya dola. Basi mwaka 1990 jiji likatoa rasimu ya kanuni za kuwabana watu wa milimani, wakiwemo wafugaji wa ng'ombe wa maziwa: umbali wa kukaa mbali na vijito, mahali pa kumwaga samadi, na kadhalika. Wafugaji walisema wazi kwamba kanuni hizo zingefunga mashamba yao. Walikuwa wamepangiwa na watu wa mbali ambao hawajawahi kukamua ng'ombe.

Kilichofuata kilichukua zaidi ya mwaka wa vikao. Idara ya kilimo ya jimbo iliziita pande zote mezani, na wafugaji wakawaeleza maofisa wa maji shamba linavyoendeshwa, nao wakaelezwa vijidudu na fosforasi ni nini. Mwafaka ukawa kwamba kila shamba litakuwa na mpango wake, utakaoandaliwa na mkulima pamoja na wataalamu shambani kwake, kwa hiari, na jiji ambalo linakunywa maji ndilo litakalolipa gharama. Mwaka 1993 likaundwa baraza la kilimo la bonde hilo, ambalo wakulima wenyewe wana sauti kubwa ndani yake. Jiji lilitaka asilimia 85 ya mashamba yajiunge katika miaka mitano. Lengo hilo lilivukwa. Mwaka 1997 ukatiwa sahihi mkataba mpana zaidi kati ya jiji na wakazi wa milimani, na mpaka leo maji hayo hayachujwi.

Tunavutiwa hasa na jinsi elimu ilivyopita pande zote mbili. Wataalamu wa mifugo wa Chuo Kikuu cha Cornell walieleza kwamba kijidudu kilichotisha jiji hutolewa zaidi na ndama katika majuma ya kwanza ya maisha. Kwa hiyo haikuwa lazima kuogopa kila ng'ombe kila mahali. Ilitosha kutunza ndama mahali pakavu, mbali na mkondo. Mfugaji alilipokea hilo kwa furaha, kwa sababu ndama mwenye kuhara ni hasara yake pia. Watafiti wa chuo hichohicho walionesha kwamba katika milima ile maji yanayobeba samadi hutoka hasa katika sehemu za shamba ambazo ardhi yake imelowa hadi kushiba. Na nani anazijua sehemu hizo? Ni yule ambaye trekta lake hukwama hapo kila mwaka. Ramani ya mtafiti na kumbukumbu ya mkulima zilikutana, na ikawezekana kusema: samadi usimwage hapa miezi hii, mwaga kule. Hiyo ni lugha ambayo mkulima anaweza kuifuata asubuhi.

Hatusemi kwamba vijiji vyetu ni Catskill. Jiji lile lina fedha, na wafugaji wale wana mashamba yenye hati. Lakini mpangilio ule wa kusikilizana hauhitaji dola. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika Waraka wake wa Kitume Laudato si' wa mwaka 2015, alitaja ubora wa maji wanayopata maskini kuwa ni jambo zito, na akataka wenyeji wa mahali wawe na nafasi ya pekee mezani pale maamuzi ya mazingira yanapofanyika. Mafundisho jamii ya Kanisa yana jina kongwe la jambo hilo, yaani kanuni auni, iliyofafanuliwa na Papa Pio XI mwaka 1931: kile ambacho jumuiya ndogo inaweza kukifanya yenyewe, kubwa isikinyakue, bali iisaidie.

Turudi basi kwenye swali la mkulima wa Meru: tunywe yapi? Bwana Afya na mtaalamu wa floraidi wote wawili wamesema kweli, lakini hatari zao hazilingani katika tiba. Vijidudu vya mfereji au vya maji ya mvua vinaweza kuuawa kwa kuchemsha au kwa dawa ya maji, floraidi haiwezi. Mabaki ya viuatilifu nayo hayaondoki kwa kuchemsha, na hayo huzuiwa juu ya mfereji, si jikoni. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Familia isiyoweza kupata maji ya mvua ya kutosha kwa kila kitu inaweza kuyaweka kwa ajili ya kunywa na kupikia wale wenye umri chini ya miaka minane, ikatumia kisima kwa kufua na kuoga. Paa la kanisa la kigango au la shule ni kubwa, na tangi moja lililofungwa vema, likafunikwa, likasafishwa kabla ya masika, linahudumia watoto wengi. Magadi yapunguzwe au yaachwe katika chakula cha watoto. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva pasipo hayo.

Jumuiya ndogondogo zinaweza kufungua daftari moja la maji kwa kila kigango: majina ya vyanzo kama wenyeji wanavyoyataja, tarehe maji yalipobadilika rangi, siku za kupulizia dawa, nyumba zilizohamia na mwaka wake. Daftari hilo apewe mtaalamu kabla hajafungua mkoba wake. Anayekuja, awe wa RUWASA, wa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani au mwanafunzi wa chuo anayeandika tasnifu, aombwe kwa adabu mambo machache kabla ya kuchota: aandike jina la chanzo kwenye kichupa, aseme anapima nini na hapimi nini, na ataje siku ya kurudisha majibu. Siku hiyo itangazwe pamoja na matangazo mengine baada ya Misa, na jina la mtaalamu na namba ya ofisi yake viandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari, ili siku ikipita pasipo jibu, katekista ajue amwulize nani.